Maswali ya Wasomaji: Mteremko wa Lord's

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anajifunza kriketi. Kila tukitazama mechi kutoka Lord's, London, watangazaji wanataja mteremko. Mbona kwenye runinga naona uwanja tambarare? – Mzazi, Upanga

JIBU: Kamera ndiyo inayouficha. Thomas Lord, mwanzilishi wa uwanja huo, alihamia pale mwaka 1814, ukiwa uwanja wake wa tatu, na ardhi yenyewe imelala upande: kaskazini-magharibi kumeinuka takriban mita 2.5 kuliko kusini-mashariki. Mtu mrefu akisimama mpaka wa chini, nyasi za mpaka wa juu zinapita utosi wake.

Kinachotesa wachezaji ni kwamba mteremko unapita pichi, ule ukanda wa katikati unakorushwa mpira, kwa ubavu. Mpira ukirushwa kutoka upande wa Pavilion, lilipo jengo la wachezaji na wanachama wa klabu, ukidunda unamwingilia mpigaji wa mkono wa kulia. Anauacha akidhani utapita, kumbe unagonga mguu wake mbele ya vijiti, au vijiti vyenyewe, naye anatolewa. Kutoka upande wa pili, Nursery, mpira unamkimbia. Akiufuata kwa mikono, unagusa ukingo wa gongo na kudakwa nyuma. Glenn McGrath wa Australia aliujua vizuri mteremko huo: mwaka 1997 alichukua wiketi 8, yaani aliwatoa wapigaji wanane, kwa kuruhusu mikimbio (pointi) 38 tu.

Mrushaji mgeni huharibu kwa kulenga kama alivyozoea kwao. Akiwa upande wa Pavilion mpira unaishia miguuni mwa mpigaji, na huko ni mikimbio ya bure. Dawa ni kulenga nje kidogo ya kijiti cha upande wa kifua cha mpigaji, kisha kuuachia mteremko kazi iliyobaki.

SWALI: Kwa nini hawausawazishi? Na hali ya pale ikoje siku ya mechi? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Nafasi waliipata. Majira ya baridi ya 2002–2003 walifukua udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukituamisha maji, wakaweka wa kichanga, mteremko wakauacha. Sisi tunaona walifanya vema, maana ndio unaoutofautisha uwanja huo.

Dakika tano kabla ya mchezo hupigwa kengele. Mpigaji anashuka ngazi na kukatiza ukumbi wa Long Room katikati ya wanachama, karibu kugusana nao mabega, ndipo atokee uwanjani. Mwaka 1975, David Steele wa Uingereza, siku ya mechi yake ya kwanza ya kimataifa, alipitiliza ngazi akajikuta vyooni chini, huku uwanja mzima unamsubiri.