Maswali ya Wasomaji kwa Mhandisi: Giaboksi Ileile, Gari Tofauti

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, salamu kutoka Mbale. Giaboksi ya otomatiki ya gari langu dogo, linalovutwa na magurudumu ya mbele, iliharibika, nami nikanunua iliyotumika mjini Kampala. Muuzaji alinihakikishia kwamba imetoka katika gari la kampuni ileile lenye injini ileile, na kweli ilifungika bila taabu. Sasa gari hushtuka linapobadilisha gia, katika mlima wa Kapchorwa hupandisha na kushusha gia bila kutulia, na mshale wa spidi haupatani na simu yangu. Je, nimeuziwa giaboksi mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana, lakini dalili hizo tatu zikija pamoja hunielekeza kwingine: giaboksi yako huenda ni nzima, ila iliandaliwa kwa ajili ya gari jingine. Katika viwanda vya magari yuko mhandisi ambaye kazi yake si kubuni giaboksi, kwani mara nyingi hiyo hununuliwa kutoka kwa watengenezaji kama ZF wa Ujerumani au Aisin wa Japani, bali ni kuipatanisha na gari litakaloibeba. Injini moja na giaboksi ya aina moja zinaweza kufungwa katika gari jepesi la mjini na katika gari zito la familia, na kila mara mhandisi huyo huamua upya mambo mengi ambayo jicho la muuzaji haliwezi kuyaona. Kukaa kwa bolti mahali pake ndilo jambo jepesi kuliko yote.

Katika gari la aina yako difu, yaani gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, imo ndani ya giaboksi, kwa hiyo ulipobadilisha moja ulibadilisha zote mbili. Chukua gurudumu linalokwenda mita 2.04 kwa mzunguko mmoja, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia yenye uwiano wa moja kwa moja: difu ya 4.1, inayohitaji mizunguko 4.1 ili kuzungusha gurudumu mara moja, italifikisha gari kwenye mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, na difu ya 3.7 italifikisha karibu 99. Iwapo sensa ya mwendo huhesabu mizunguko kabla ya difu, kompyuta itaendelea kupiga hesabu kwa difu ya zamani, na mshale utasema uongo bila sensa yenyewe kuwa na kosa lolote.

Kosa hilo la hesabu ndilo pia linaloweza kukusumbua mlimani. Kompyuta huchagua gia kwa kutazama mwendo wa gari na jinsi ulivyokanyaga mafuta, ikifuata jedwali ambalo mhandisi wetu amelipanga kwa uzito wa gari, nguvu ya injini na difu fulani. Ili gia zisihangaike, yeye hutenganisha mahali pa kupanda na mahali pa kushuka. Kwa mfano, gia ya tatu iingie kwenye kilomita 50 kwa saa lakini isiachwe mpaka mwendo ushuke hadi 40. Nafasi hiyo ikiwekwa kwa gari jingine, mlima mkali huimaliza upesi. Ongeza kwamba injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na utaelewa kwa nini watengenezaji makini hupeleka magari ya majaribio milimani na jangwani kabla ya kuyauza.

Mshtuko una asili yake. Wakati wa kubadilisha gia, kompyuta ya giaboksi huiomba ile ya injini ipunguze nguvu kwa sehemu ndogo ya sekunde, kupitia mtandao wa nyaya ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Ombi lisipoeleweka, injini huendelea kusukuma na klachi za ndani hubeba adhabu yote mpaka ziungue. Zaidi ya hayo, baadhi ya giaboksi hutoka kiwandani na nambari za vipimo vya vali zake, nazo lazima ziingizwe katika kompyuta ya gari. Mafundi wengi hawaziulizi kabisa.

Basi linganisha msimbo wa giaboksi ulio kwenye kibati cha gari lako na ule wa giaboksi uliyonunua. Ikiwa ni tofauti, irudishe mapema, kabla klachi hazijaungua na muuzaji kupata kisingizio. Ikiwa ni sawa, tafuta fundi mwenye mashine ya uchunguzi afute mafunzo ya zamani ya kompyuta, ahakikishe aina na kiwango cha mafuta, kisha aifundishe upya. Anayekwambia ubadilishe kwanza mauntini, yaani vishikizio vya injini na giaboksi, mwache asubiri.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi hapa Jinja. Mabasi ya umeme yakienea, kazi hii ya kupatanisha giaboksi na gari haitakufa?

JIBU: Itabadilika. Kwa kuwa mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu gari likiwa limesimama, magari mengi ya umeme hutosheka na uwiano mmoja tu. Hata hivyo, lazima mtu auchague uwiano huo, apoze mota, na apatanishe breki za kawaida na ule ukokotaji wa mota unaorudisha umeme kwenye betri, ili abiria wasirushwe mbele. Uganda ina historia hapa: gari la umeme la Kiira EV lilitoka Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, basi la Kayoola linalosaidiwa na jua likaonyeshwa mwaka 2016, na kiwanda cha Kiira Motors kiko hapo Jinja kwenu. Soma mekanika, lakini jifunze pia programu za udhibiti.