Baridi Inayounguza: Kwa Wadogo Zangu Mnaotaka Kazi kwenye Meli za Gesi

Kwetu Makete, ukiamka Julai ukakuta sakitu imelala shambani, husemi viazi vimeganda. Unasema vimeungua. Nililijua neno hilo tangu utotoni, lakini ilibidi nipoteze ngozi ya vidole viwili baharini ndipo nilielewe.

Siku hizi nipo Uyole, na vijana wanaosikia habari za mradi wa gesi wa Lindi huja kuniuliza kuhusu meli zinazotumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika. Swali la kwanza huwa ni mlipuko. Mimi huanza na baridi.

Gesi ile hukaa kwenye nyuzi joto 162 chini ya sifuri. Siku yangu ya msiba tulikuwa tumemaliza kujaza, bomba limevaa barafu nyeupe, nami nikalishika nikiwa na glavu za kazi za kawaida, tena zimelowa. Zilinata palepale. Nikavuta kwa nguvu, na ngozi ikabaki. Glavu za kazi hii ni nene na hazibani mkono, ili kimiminika kikiingia uzikung'ute zitoke mara moja. Na suruali ivae juu ya buti, usiichomeke ndani, la sivyo buti litageuka kikombe. Ukiungua hivyo usisugue. Weka kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha muone daktari.

Chuma nacho huungua. Sitaha ya kawaida ikimwagikiwa hukatika kama kigae, ndiyo maana chini ya maungio huwekwa beseni la chuma cha pua, na ubavu wa meli hutiririshiwa maji muda wote wa kujaza. Lakini maji hayo ni ya kulinda chuma tu. Usimwage maji juu ya dimbwi la gesi yenyewe: yatalichemsha kwa kasi, na kama linawaka moto utapanda. Kwa moto wake tumia unga mkavu.

Hatari ninayoiheshimu kuliko zote haina kelele. Lita moja ya kimiminika hiki ikipata joto huwa karibu lita 600 za gesi. Ukifunga koki mbili na kimiminika kikabaki katikati, bila vali ya kupunguza shinikizo bomba litapasuka. Kwa hiyo msikimbilie kufungua mpira wa kujazia gesi kwa sababu nahodha anataka kuondoka. Kimiminika kitolewe chote, naitrojeni ipite kusukuma nje gesi iliyobaki, kipimo kisomwe, ndipo spana iguse boliti. Mwanzoni pia, bomba lipozwe polepole. Likipoa hunywea, na boliti zilizokaza vizuri asubuhi hulegea. Pita ukague tena.

Ukiona wingu jeupe usidhani ndiyo gesi yote. Ule ni unyevu wa hewa ulioganda, kama ukungu wa Kitulo, na gesi inaweza kuwa imeshavuka ukingo wake. Huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Haina harufu, kwa hiyo pua yako haikusaidii kitu. Beba kipima gesi, na simu iache kabatini.

Vyeti? Vitafuteni mapema. Kanuni ya IGF ya Shirika la Kimataifa la Bahari, yaani ile ya usalama wa meli zinazotumia gesi kama mafuta yake, ilianza kutumika 2017, na mabaharia wa meli hizi wanatakiwa kuwa na mafunzo yake. Ila cheti hakitakukumbusha kubadilisha glavu.

Mtungi wa jikoni ni gesi nyingine kabisa: hiyo imetiwa harufu, na ikivuja hushuka sakafuni ikatulia, wakati ya melini ikishapata joto hupanda juu. Basi mimi nyumbani huacha uwazi chini ya mlango wa jiko, hata Julai. Mke wangu hulalamika kuwa namtesa na baridi. Nimemnunulia sweta.