Nipo Pune nasoma uhandisi, nichague dizaini au upimaji wa magari?

Mdogo wangu, kama uko Pune tayari mi ningeenda upimaji wala nisingewaza sana. Hapo hapo mjini kuna ARAI, taasisi ya utafiti na upimaji wa magari, ipo tangu 1966, gari linafungwa juu ya rola linakimbizwa bila kwenda popote huku moshi wake unapimwa. Halafu serikali ya India ikajenga NATRAX, kituo cha kujaribia magari, kule Pithampur karibu na Indore, njia ya majaribio kilomita 11.3 imefunguliwa 2021, maana kiwanda kidogo hakiwezi kumudu kitu kama hicho peke yake, ardhi tu balaa. We omba fildi mapema, barua ipitie chuoni, na ujue kusoma data za vihisi vya gari, spidi waachie madereva wao.