Kona ya Fundi: Wavu wa kuku huzuia kuku

*Dada Fundi, salaam. Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Morogoro. Vijana wangu wametazama video za mapambano ya roboti za Marekani mpaka usingizi umewaruka, na sasa wanataka pambano letu wenyewe siku ya mahafali, mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Tumepanga roboti za kilo 15, matairi ya lori kuzunguka uwanja, na wavu wa kuku juu ya matairi ili vipande visiwafikie watu. Tiketi tutauza. Wewe unayeyaona huko Uingereza, tumesahau nini?*
*Mwalimu wa umeme, Morogoro*

Mwalimu, salaam na kwako. Mmesahau ulingo. Wavu wa kuku huzuia kuku.

Nikueleze nasimama wapi. Ni mzaliwa wa Tanga, kazi yangu ya mchana ni mashine za kiwandani, na baadhi ya wikendi hujitolea kukagua roboti ndogo zinazopigana kwenye kumbi za mitaa huku. Mimi ndiye mwenye mizani. Asubuhi hakuna anayenipenda.

Roboti ninazopima hazizidi gramu 150, na zinapoanza pambano lazima zienee ndani ya mchemraba wa inchi 4 kila upande. Vijana wako watacheka. Waambie wapige hesabu: kisu chenye urefu wa sentimita 3 kutoka katikati, kikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 136 kwa saa. Hiyo ni mwendo wa basi lililokosa breki, na kitu chenyewe kinakaa kiganjani. Sasa ongeza uzito mara mia. Kwenye BattleBots, mashindano makubwa ya Marekani yaliyojulikana kupitia televisheni, roboti zina uzito wa hadi pauni 250, yaani kilo 113 hivi, na zinapigania ndani ya sanduku la chuma na plastiki nene lenye paa. Mgeni rasmi wenu atakaa nyuma ya tairi.

Kwa hiyo anzeni na gramu 150, tena darasani. Si kwamba naidharau ndoto yenu. Marc Thorpe, aliyeanzisha mashindano ya Robot Wars kule San Francisco mwaka 1994, alifika huko baada ya kuhangaika nyumbani na mashine ya kufyonza vumbi aliyoifunga kwenye kifaru cha vita cha kuchezea. Wakubwa wengi wa mchezo huu wana historia ya namna hiyo.

Ulingo wa roboti ndogo ni sanduku la ukubwa wa meza ya kulia chakula, lenye kuta na paa la kuonea. Paa ni lazima, kwa sababu vipande huruka juu pia, si pembeni tu. Hapo dukani ndipo watu hupotea. Muuza vioo atakupa akriliki, plastiki ngumu inayong'aa vizuri, lakini ikipigwa hupasuka vipande vyenye makali. Unachotaka ni polikaboneti, plastiki ambayo hupinda na kubonyea. Tena iwe bapa lililojaa, si zile paneli zenye matundu ndani za kuezekea vibaraza. Mimi nisingekubali chini ya milimita 6. Toboa tundu karibu na ukingo wa kipande cha majaribio: kikipata ufa, umeuziwa akriliki. Sakafu iwe ya mbao ngumu unayoweza kubadilisha, na mlango uwe na komeo.

Halafu ukaguzi. Hapa usimhurumie mtu, hata mwanafunzi wako bora. Roboti iwekwe ndani ya sanduku dogo la majaribio, magurudumu juu, iwashwe, silaha izunguke kidogo, kisha rimoti izimwe ghafla. Kila kitu kisimame. Vipokezi vingine vya bei ya chini hushikilia amri ya mwisho vilivyosikia: rimoti imekufa, kisu bado kinazunguka. Roboti hiyo inarudi mezani ikarekebishwe, au inarudi nyumbani. Vilevile pawe na swichi au plagi ya kukata umeme inayofikiwa kwa nje bila kufungua skrubu sita, na kila silaha iwe na pini ya kuifunga. Pini haitoki mpaka roboti iwe ndani ya ulingo au sanduku la majaribio, na umeme wa roboti hauwashwi na mtu ambaye vidole vyake viko mbele ya silaha. Pambano likiisha, hakuna komeo kufunguliwa mpaka silaha isimame yenyewe.

Vijana wasiendeshe kwa simu kupitia Bluetooth. Darasani kimya itafanya kazi. Ukumbini, simu za wazazi mia zikiwa hewani, itakatika pale pale utakapomwita mgeni rasmi asogee aone. Rimoti za kawaida za ndege na magari ya kuchezea, za gigahezi 2.4, huruka kutoka masafa hadi masafa na huvumilia makelele hayo.

Betri za lipo, yaani za lithiamu polima, ndizo zinazonikosesha raha kuliko visu. Betri iliyotobolewa au kuvimba inaweza kuwaka moto mkali, na moshi wake ni sumu. Wekeni meza moja ya kuchajia, karibu na mlango wa nje, na mtu mzima asiyetoka hapo hata akiitwa kula pilau. Ndoo ya mchanga mkavu iwe chini ya meza na nyingine kando ya ulingo. Mchanga hauzimi moto wa betri, unaufunika tu ili muibebe nje. Ukumbi uwe na madirisha yanayofunguka kweli, si yale yaliyopigwa rangi mpaka yakagandana. Betri iliyovimba haichajiwi, hata mwenyewe akilia.

Kuna jambo ambalo huku halinisumbui lakini wewe litakusumbua: umeme kukatika. Roboti zina betri zao, hazitajua kama taa zimezimika. Tundikeni taa za betri juu ya ulingo, na muwafundishe waendeshaji kwamba giza likiingia silaha inazimwa papo hapo, bila kusubiri refa.

Ratiba sasa, maana mahafali yana hotuba. Ukiwa na roboti 12 na kila moja inatoka ikishindwa mara mbili, utahitaji mapambano 22 au 23. Pambano ni dakika 3, lakini kuingiza, kuhakikisha usalama, kutoa na kufagia vipande hufikisha dakika 8. Hapo ni muda wa saa tatu hivi, bila chakula. Na aliyetoka kupigana apewe walau dakika 20 za kutengeneza kabla ya kuitwa tena. Kama hamna muda huo, fanyeni mchujo siku ya kabla, mahafalini mlete nne za mwisho tu.

Tiketi uzeni, lakini kumbukeni mtu aliye mstari wa tano haoni kitu cha inchi 4. Kamera juu ya ulingo, projekta ukutani, na mshereheshaji mwenye mdomo. Wazazi hawatashangilia mota, watashangilia kijana waliyeambiwa kwamba jana roboti yake iliungua na hakulala.

*Mwanangu ana miaka 12, anataka kuingia mashindano kama hayo. Naogopa vidole vyake.*
*Mama, Kisauni*

Mama, vidole huumia mezani wakati wa kutengeneza, ulingoni havimo. Aanze na roboti isiyo na kisu: kabari ya kusukuma, au mkono wa kupindua mwenzake. Gamba alikate kutoka kwenye ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, ni mgumu na hauvunjiki ovyo. Miwani ya kukinga macho avae kila anapowasha. Kuchaji betri ni kazi yako au ya baba yake.

*Roboti zote mbili zikiwa bado zinatembea dakika 3 zikiisha, nani mshindi? Sisi hapa karibu tupigane wenyewe.*
*Wanafunzi, Eldoret*

Majaji watatu, tena watajwe kabla ya pambano la kwanza. BattleBots kila jaji hugawa pointi 11: uharibifu 5, ushambuliaji 3, udhibiti 3. Zote ni namba witiri, kwa hiyo jaji hawezi kujificha kwenye sare. Roboti isiyosogea ihesabiwe sekunde 10, kwa sauti. Na jaji asiwe kaka wa mshindani.