Kwa Anayeuliza Masomo ya Chuo Kikuu Yana Maana Gani

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza ameniandikia akisema kwamba anahudhuria mihadhara, anafanya mitihani na kufaulu, lakini kila akirudi chumbani hujiuliza haya yote ni ya nini. Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa sote tunaosoma tunatamani yale yale: shahada nzuri, kazi ya heshima, na wazazi wetu wapate kupumzika.

Ninasoma uhasibu katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, na kwetu ni Likoni, kwa hiyo kila siku ya masomo huvuka kivuko pamoja na umati wa asubuhi. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilijiunga na vyama vya wanafunzi, nikahudhuria mikutano ya kutiana moyo, nikatoka vile vile nilivyoingia. Mwaka wa pili sina la kuusimulia.

Mambo yalibadilika pale jirani yetu, mama karanga, yaani mama anayekaanga samaki kando ya barabara jioni, aliponiomba nimtazamie daftari lake, maana wateja walikuwa tele na mtaji ulikuwa unaliwa. Daftari lenyewe lilikuwa limeloa mafuta hata maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, na hesabu nyingine zimeandikwa kwa penseli ya wanja. Siku moja alinunua tafi na changu wa shilingi 3,000, akauza kwa 3,900, akajiandikia faida ya 900. Nikamuuliza mafuta ni kiasi gani. Akasema 400. Kuni? 150. Nauli ya kwenda diko, wavuvi wanakoshushia samaki, na kurudi? 100. Zikabaki 250, na katika mauzo hayo kulikuwa na samaki wa shilingi 300 waliochukuliwa kwa deni. Alikuwa amepata faida, na bado usiku ule alilala na fedha pungufu ya zile alizoamka nazo.

“Mwanangu, kumbe mimi nalisha mtaa,” alisema, akacheka, kisha akanyamaza.

Somo la tofauti baina ya faida na fedha taslimu nilikwisha kulifanyia mtihani nikapata alama za juu, lakini nililielewa siku ile, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, moshi ukiniingia machoni. Wenzake nao wakaja na madaftari yao, na mwezi uliopita chama chao cha kuweka akiba kiligawana fedha bila ugomvi, jambo ambalo wao wenyewe wanasema halijapata kutokea. Sasa wananiita mwalimu, na sioni haya kusema kwamba ninajivunia jina hilo. Baadhi ya wanafunzi wenzangu waliniita mhasibu wa samaki. Mmoja wao hivi karibuni ameniomba nimkutanishe na hao hao akina mama ili apate la kuandikia utafiti wake. Nimemkutanisha, lakini maneno yale bado yananiuma.

Tunasahau kwamba chuo chetu kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwafundisha vijana Waislamu ufundi, kikawa politekniki mwaka 1972, na hakikuwa chuo kikuu kamili hadi 2013. Kazi ilitangulia, shahada ikaja baadaye.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijifungie chumbani ukiisubiri maana ije. Mtafute mtu mmoja nje ya chuo ambaye unalolisoma linaweza kumfaa. Ukiwa unasoma sheria, kuna wapangaji wasioelewa barua ya kuhamishwa. Ukiwa unasoma umeme, kuna msikiti au kanisa lenye nyaya za kutisha, na hapo uende na fundi mwenye leseni. Nasema tena, mtafute mtu mmoja, wala usiwatafute watu mia wa kupiga nao picha. Usianze na nadharia, anza kwa kusikiliza. Usidai malipo, ingawa samaki wakikuletea usikatae. Na ukioneshwa madeni ya watu, yafiche hata kwa mama yako mzazi, kwa sababu jina la mdeni likishatajwa kisimani hakuna atakayekufungulia daftari tena.