Plagi haiingii, au inaingia lakini inaungua: majibu ya maswali yenu

Maswali haya yote yana chanzo kimoja: kifaa kimetengenezwa kwa soketi za nchi moja, nacho kinatumika nchi nyingine. Umbo la plagi ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linaloulizwa. Hatari kubwa, hata hivyo, ziko kwenye volti, kwenye ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia) na kwenye fyuzi, na ndiko tulikokaa zaidi.

SWALI: Chaja yangu ina pini mbili za mviringo, na soketi zangu ni zile za matundu matatu ya pembe nne. Huwa nachomeka ncha ya kalamu kwenye tundu la juu, chaja inaingia na inachaji vizuri. Kuna ubaya gani?

JIBU: Upo, tena mkubwa. Tundu la juu ni la ethi. Soketi yako ni ya kiwango cha BS 1363, kilichotolewa Uingereza mwaka 1947 na ambacho leo kinatumika pia Kenya, Tanzania, Uganda, Malaysia, Singapore na Falme za Kiarabu. Pini ya ethi ya plagi yake imefanywa ndefu kuliko nyingine kwa makusudi. Hutangulia kuingia, na katika soketi nyingi ndiyo inayosukuma vilango vidogo vya plastiki vilivyoziba matundu mawili ya chini. Vilango hivyo vimewekwa ili mtoto akichomeka msumari asikutane na umeme. Kalamu yako inavifungua kwa hila.

Sasa angalia kinachotokea ndani. Matundu mawili ya chini yameachana milimita 22 kutoka katikati hadi katikati. Pini za chaja yako zimeachana milimita 18 hivi au 19, kwa hiyo zinaingia kwa kupindwa. Vibanio vya shaba vya soketi vimeundwa kukumbatia pini bapa. Pini ya mviringo ya milimita 4 inavigusa kwenye mstari mwembamba tu. Mguso mbovu ni ukinzani, na ukinzani ni joto: ampea 10 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 hutoa wati 10 mahali padogo kama punje ya mchele. Chaja ya simu haivuti ampea 10, lakini vibanio ulivyovipanua leo ndivyo utakavyochomekea pasi kesho. Soketi nyingi zenye weusi kuzunguka tundu moja zimeharibika hivyo.

Kuna na suala la ulinzi. Plagi ya pini mbili za namna yako, inayoitwa aina C, imekadiriwa kubeba ampea 2.5 na haina fyuzi ndani. Soketi za BS 1363 mara nyingi zimeungwa kwenye mzunguko wenye breka ya ampea 32, kwa sababu kila plagi halali huja na fyuzi yake. Shoti kamili itaangusha breka. Lakini hitilafu ya nusunusu, inayovuta ampea 10 au 15, haitaigusa breka hata kidogo, na waya mwembamba wa kifaa utaendelea kupata moto mpaka uyeyuke.

Tafuta kigeuzi cha plagi cha kiwango cha BS 1363-5: kile kinachoimeza plagi yote ya pini mbili, kikafungwa kwa skrubu, na chenye fyuzi yake. Kwa chaja weka fyuzi ya ampea 3. Na kalamu itoke kwenye soketi kabisa. Ncha ya chuma ikiteleza upande, hakuna plastiki ya kukuokoa.

SWALI: Nimeletewa kikausha nywele kutoka Marekani, kimeandikwa 120V, 60Hz, 1500W. Nikinunua adapta ya kubadilisha pini kitafanya kazi?

JIBU: Kitafanya kazi kwa sekunde chache. Adapta ya pini hubadilisha umbo tu. Volti zinapita kama zilivyo. Volti zikipanda kutoka 120 hadi 230, nguvu inayotumika kwenye waya wa joto hupanda kwa mraba wa uwiano huo, yaani karibu mara 3.7. Kikausha chako cha wati 1500 kitajaribu kuvuta zaidi ya wati 5,500. Waya wa ndani utawaka mwekundu, feni itazunguka kwa kasi isiyo yake, na fyuzi ya usalama itakatika ukiwa na bahati.

Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini kwa wati 1500 ni mzigo mzito wa shaba na chuma, na kama ni ya kipimo hichohicho itafanya kazi bila nafasi ya ziada. Ushauri wetu ni kununua kikausha cha volti 230. Transfoma iwekee vifaa ambavyo huwezi kuvipata vingine, nayo iwe na uwezo unaozidi mahitaji ya kifaa kwa angalau robo.

Kwa kifaa cha joto, kinyume chake hakina hatari, ila hakina faida pia. Birika la volti 230 na wati 2000 likichomekwa kwenye volti 120 litatoa wati 540 hivi, na maji yatachelewa sana kuchemka.

Maandishi ya kutafuta ni haya: 100-240V, 50/60Hz. Chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato zinayo, na hizo adapta ya pini inazitosha.

SWALI: Kompyuta yangu mpakato ina kifuniko cha chuma. Nikiitumia kwa adapta ya safari inanisisimua vidole, na nikiwa ugenini Ujerumani haikuwa hivyo. Nimeharibiwa na umeme?

JIBU: Hujaharibiwa, ila ethi yako imepotea njiani. Ndani ya kitengo cha kuchajia kuna kichujio cha kelele za umeme, chenye kapasita ndogo zinazounganisha waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwenye mstari wa ethi. Ethi ikiwepo, mkondo huo mdogo unaishia ardhini. Ikikosekana, kifuniko cha chuma kinabaki kimeelea kwenye karibu nusu ya volti za soketi, na mkono wako unakuwa njia. Mkondo kwa kawaida haufiki miliampea moja, ndiyo maana unasikia msisimko tu.

Plagi yako ya Ujerumani ni aina F, ile ya mviringo ya ampea 16, na ethi yake haiko kwenye pini. Iko kwenye vipande viwili vya chuma ubavuni, juu na chini. Ufaransa wanatumia aina E, ambako pini ya ethi inachomoza kutoka kwenye soketi yenyewe. Plagi nyingi za sasa zina vipande vya ubavuni pamoja na tundu la kupokea pini hiyo, hivyo zinakubali kote kuwili. Adapta nyingi za safari za bei rahisi zina matundu mawili ya mviringo na plastiki tupu pembeni. Plagi inaingia, kifaa kinawaka, ethi haipo.

Chungulia ndani ya adapta: lazima uone vibanio viwili vya chuma ubavuni. Kisha, adapta ikiwa imechomolewa, pima kwa mita kati ya kibanio na pini ya ethi. Usomaji uwe chini ya omu moja. Kwa kompyuta, kukosa ethi ni kero. Kwa pasi, birika la chuma au mashine ya kufulia ni suala la uhai. Waya wa moto ukigusa bodi yenye ethi, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika papo hapo. Bila ethi hakuna kinachokatika, na bodi inabaki na umeme ikimsubiri atakayeigusa.

SWALI: Fyuzi ya plagi ya pasi yangu ya wati 2400 ilikufa, fundi akazungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Je, niiache? Na nikitaka kuifungua mwenyewe, nyaya zinakaaje?

JIBU: Itoe leo. Karatasi ile inaweza kupitisha mkondo mkubwa kuliko waya wa pasi unavyohimili, na waya ndio utakaogeuka fyuzi, kwa urefu wake wote. Hesabu ni nyepesi: gawanya wati kwa volti. 2400 kwa 230 ni ampea 10.4, kwa hiyo unahitaji fyuzi ya ampea 13, iliyoandikwa BS 1362. Vifaa visivyozidi wati 700 vinatosheka na ya ampea 3. Fyuzi mpya ikikatika tena mara moja, kosa liko kwenye pasi au kwenye waya wake. Kuongeza ukubwa wa fyuzi ni kulificha kosa.

Kuhusu nyaya: chomoa plagi, fungua kifuniko, itazame kwa ndani pini zikielekea upande usio wako, ya ethi ikiwa juu. Kahawia, waya wa moto, unakwenda kulia kwenye fyuzi. Bluu, nyutro, unakwenda kushoto. Kijani chenye mistari ya njano ni ethi, unakwenda juu. Uache waya wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili mtu akivuta waya kwa nguvu, wa moto ung'oke kwanza na ethi ibaki ya mwisho.

Menya ncha za shaba milimita 6 hadi 8, zisokote, na kama skrubu ni ya kuzungushia, zungusha kufuata mwendo wa saa. Ukizungusha kinyume, skrubu inapokazwa inazitawanya. Usizipake risasi ya kulehemu. Risasi hulegea taratibu chini ya mgandamizo, skrubu inabaki huru, na hapo joto linaanza. Kibanio cha waya kishike ganda la nje, si nyaya za rangi. Ukiona rangi yoyote imetokeza nje ya plagi, fungua uanze upya. Waya wenyewe kwa pasi hii uwe wa milimita mraba 1.25 au 1.5, wa 0.75 ni wa ampea 6 tu.

Tahadhari moja kwa wanaofungua vifaa vya zamani au vya Marekani. Kwenye nyaya za kale za Uingereza nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Kwenye waya wa Marekani nyeusi ndiyo moto, nyeupe ndiyo nyutro. Rangi moja, maana mbili zinazopingana.

SWALI: Plagi za Australia, China na Argentina zinafanana, pini zimelala kama paa la nyumba. Naweza kuzichanganya?

JIBU: Zote huitwa aina I, na mara nyingi zinaingiliana. Lakini Argentina imebadilishana nafasi za waya wa moto na nyutro ikilinganishwa na Australia. Taa yenye swichi kwenye waya mmoja itazimika, huku kishikio cha balbu kikibaki na umeme. Kabla ya kubadilisha balbu, chomoa plagi.

SWALI: Kwa nini dunia isitumie plagi moja?

JIBU: Ilijaribiwa. Mwaka 1986 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa kiwango cha 60906-1 kwa lengo hilohilo. Brazili na Afrika Kusini zimekichukua, kila moja kwa namna yake: Brazili inatenganisha pini za milimita 4.0 za ampea 10 na za 4.8 za ampea 20. Nchi nyingine zina soketi nyingi mno ukutani kuzing'oa.

Kwa hiyo badala ya kupachika adapta, badilisha waya. Kompyuta nyingi za mezani na skrini hutumia waya wenye mdomo wa C13, vitengo vingi vya kompyuta mpakato hutumia C5 wenye umbo la majani matatu, na redio ndogo hutumia C7 wenye umbo la nane. Nunua waya wenye mdomo huo na plagi ya nchi uliyopo, ethi itakuja nao, isipokuwa kwa C7 ambao hauna ethi. Birika linalotumia mdomo wa C15 linahitaji waya wenye mfereji mdogo unaolingana nalo, kwa kuwa huo umeundwa kuvumilia joto zaidi. Na waya uliopigwa chapa ya 125V, hata kama mdomo unaingia barabara, usiuweke kwenye soketi ya volti 230.