Bolti za kirusha theluji: usiweke ngumu

Ndugu, bolti zinazokatika kwenye kirusha theluji cha trekta yako ndogo ya John Deere 140 usizibadilishe kwa ngumu kama ulivyokusudia. Zimewekwa zikatike makusudi: panga (kisu kinachozunguka kukusanya theluji) likigonga jiwe au barafu, bolti inakatika, gia na cheni vinapona. Spea za trekta ya miaka ya 1968–1974 si za kuchezea! Tazama kichwa cha bolti: mistari 6 ni ngumu mno; 3 ni ya kati; kisicho na mstari ni laini. Fuata kitabu cha mashine.

Kisha toa bolti na uzungushe mapanga kwa mkono. Yasipozunguka juu ya shafti, kutu imeyagandisha, na hapo hata bolti sahihi haikulindi. Tia mafuta ya kupenya, yalegeze, piga grisi.

Theluji ya majimaji ikiziba bomba la kutolea theluji, injini iwe kasi kamili, mwendo wa polepole. Kuzibua, zima, toa ufunguo, tumia kijiti. Usizibue kwa mkono kamwe, nakusihi: mkanda uliokaza unaweza kuyarusha mapanga hata injini ikiwa imezimwa.